Nani Humlea Mtawala Dhalimu? Raia Wanaosita katika Tamthilia za Shule za Upili

Mwalimu mwenzangu, chukua rundo lolote la insha ambazo umewahi kusahihisha kuhusu maudhui ya uongozi mbaya, kisha uhesabu ni mara ngapi jina la kiongozi limetajwa na ni mara ngapi raia wametajwa. Tofauti utakayoipata ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya. Mtahiniwa wetu ni hodari wa kuorodhesha dhambi za mtawala. Atakuambia kwamba Majoka ni katili, ni fisadi, ni mbinafsi, ni mlaghai, na kila sifa ataifungia mfano wake kama mzigo wa kuni hadi alama ishirini zitimie. Lakini ligeuze swali kidogo tu. Muulize ni kitu gani kilichomwezesha Majoka kukaa mamlakani muda wote huo ilhali watu wa Sagamoyo ni wengi na yeye ni mmoja. Hapo kalamu inasita.

Kosa hilo si la mtahiniwa peke yake. Miongozo mingi tunayowanunulia hupanga maudhui kwa vichwa vya habari, na chini ya "uongozi mbaya" huweka vitendo vya kiongozi pekee. Raia hupelekwa kwenye sura ya wahusika wadogo, wanapoelezwa kwa mistari mitatu: huyu ni mlevi, yule ni msaliti, mwingine ni mwoga. Kwa njia hiyo tunamfundisha kijana wa miaka kumi na saba kwamba dhuluma ni kazi ya mtu mmoja mwenye jina la kutisha, na kwamba wengine wote ni mandhari. Mwaka mmoja baadaye kijana huyo anapewa kadi ya kura.

Tuanze na Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, kwa sababu humo suala la raia anayesita limepewa nafasi pana kuliko tunavyokiri darasani. Onyesho la kwanza halifunguki katika ofisi ya Majoka. Linafunguka katika karakana ya wachongaji, na wachongaji ni watatu: Sudi, Boza na Kombe. Mwandishi angetaka kutuonyesha udhalimu tu angetupeleka moja kwa moja kwa dhalimu. Badala yake anatuweka kwanza miongoni mwa watu wanaofanya kazi ya mikono, wenye njaa ile ile, wanaotawaliwa na mtu yule yule, kisha anatuuliza mbona hawaoni mambo kwa jicho moja.

Kenga anapofika na zawadi za sherehe ya uhuru, keki ikiwa mojawapo, Sudi anaikataa na Boza anaipokea kwa furaha. Darasani sisi hukimbilia kusema kwamba keki ni jazanda ya mali ya umma, na kwamba kipande kidogo wanachopewa raia ni ishara ya ugavi usio wa haki. Ni kweli, na mwanafunzi aandike hivyo. Ila jazanda hiyo ina upande wa pili tusioutazama: mla keki. Keki haina maana yoyote ya kisiasa mpaka apatikane mtu wa kuila na kushukuru. Boza hatishwi kwa bunduki ili ale. Hakuna askari aliyesimama nyuma yake. Anakula kwa sababu imeletwa, kwa sababu ni tamu, na kwa sababu kwake kukataa ni ujinga usioleta faida. Kenga anajua jambo hilo. Ndiyo maana hakuja na rungu.

Jina lenyewe linakaribiana mno na neno bozi, yaani mtu mpumbavu, na wengi wetu huishia hapo: majazi, alama moja, twende mbele. Mimi sikubaliani na usomaji huo wa haraka. Boza si mpumbavu. Kumbuka mkewe ni Asiya, yule Mamapima anayeuza pombe pale Mangweni kwa kibali cha utawala wa Majoka. Chakula cha nyumba hiyo kinapita katika mkono wa serikali. Mtu akimwambia Boza aupinge utawala, anamwambia aifunge biashara ya mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Tukimwita mpumbavu tunajinyima nafasi ya kueleza jambo la maana zaidi, nalo ni kwamba utawala mbaya haujengwi kwa hofu tu, hujengwa pia kwa vibali, zabuni, vyeo vidogo na ahadi ndogo ndogo, na kila anayepata kijisehemu hugeuka mlinzi bila kuvaa sare. Mkono mtupu haulambwi, na Majoka amehakikisha kwamba mkono wake hauwi mtupu kabisa.

Tazama sasa Mangweni penyewe. Tunu na Sudi wanafika hapo kuwaita watu waje kwenye mkutano wa kudai haki. Wanakutana na kejeli. Ngurumo, kijana ambaye angalikuwa nguzo ya mapambano kwa umri na nguvu zake, anamtetea Majoka kwa sababu kinywaji kinapatikana na siku zinapita. Soko la Chapakazi limefungwa, riziki za watu zimekatwa, lakini kwake hali haijawahi kuwa nzuri hivi. Kinaya hiki ni kikali, na ningependa mtahiniwa akichunguze polepole kabla ya kukimbilia kusema kwamba "ulevi ni mbaya". Pombe ya Mamapima inafanya kazi ambayo askari hawaiwezi. Askari humzuia mtu kuandamana, nayo pombe humwondolea hata haja ya kuandamana. Kisha Ngurumo huyo huyo ananyongwa na chatu akitoka huko huko kulewa. Katika nchi ya Majoka, ambaye jina lake ni nyoka kwa wingi na kwa ukubwa, kifo hicho si bahati mbaya. Aliyedhani kwamba amefanya amani na nyoka ndiye aliyemezwa.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, "Mwalimu, kwani hawa watu hawaoni?" Swali zuri, na jibu lake si rahisi. Wanaona. Umewahi kukaa katika baraza la kijiji ambapo barabara imeharibika kiasi kwamba mgonjwa hubebwa kwa mkokoteni? Kabla ya mgeni rasmi kufika, chini ya mwembe, kila mtu anaijua hesabu ya pesa zilizopotea. Mgeni akifika na kuuliza kama kuna swali, kimya. Akiondoka, hesabu inaendelea pale ilipoachwa. Watu hao hawakosi macho. Kila mmoja anangoja sauti isiyo yake. Anajua kwamba wa kwanza kusimama ataandikwa jina, na wa kumi hataandikwa. Kwa hiyo kila mtu yuko tayari kabisa kuwa wa kumi.

Fasihi simulizi yetu inalijua jambo hili vizuri, na hapa mwalimu anaweza kuunganisha tamthilia na sehemu ya methali, jambo tunalolifanya kwa nadra. Zipo methali ambazo kazi yake ni kumtuliza anayetaka kunyanyuka. Mwenye nguvu mpishe. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Funika kombe mwanaharamu apite. (Sijui kama mwandishi alikuwa na methali hii ya mwisho akilini alipomwita yule mchongaji wa tatu Kombe, mtu ambaye mwanzoni hana msimamo wa kueleweka, lakini msomaji ana haki ya kuisikia.) Methali hizi si za kudharauliwa. Zilitungwa na watu waliojua uchungu wa ukuta na udhaifu wa ngumi. Lakini mwanafunzi aulizwe: zinasemwa na nani, kwa nani, na wakati gani? Mzee akimwambia mjukuu wake ampishe mwenye nguvu, hiyo ni huruma. Mwenye nguvu akimwambia mnyonge maneno yayo hayo, ni amri iliyovikwa vazi la hekima. Na zipo nyingine zinazojibu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, dawa ya moto ni moto, umoja ni nguvu. Raia anayesita anaishi katikati ya mafungu hayo mawili, na kila fungu lina ushahidi wake.

Ushahidi wa fungu la kwanza hauhitaji kutafutwa mbali. Waandishi wetu wameulipia. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi ya Sauti ya Dhiki yalitungwa gerezani humo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 1977 na kukaa huko mwaka mzima, baada ya mchezo wa wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ kupigwa marufuku. Alamin Mazrui, aliyetupa Kilio cha Haki mwaka 1981, alitiwa kizuizini mwaka 1982. Katama Mkangi, mwandishi wa Mafuta na baadaye Walenisi, alizuiliwa mwaka 1986. Raia wa kawaida aliyeyasikia haya redioni, au aliyeyasikia kwa minong'ono kwa sababu redioni hayakutajwa, alipata somo lililokusudiwa apate. Tunapomsoma Tunu akivunjwa mguu na wahuni waliokodiwa, halafu akitembea kwa magongo, tusimwambie mwanafunzi kwamba hiyo ni chuku ya jukwaani.

Ashua ndiye anayenigusa zaidi. Mhakiki wa haraka atamweka katika orodha ya wanaoyumba, kwa kuwa akiwa seli anamtaka Sudi ampe talaka. Lakini huyu ni mwanamke msomi asiye na kazi, mwenye watoto wanaohitaji kula, aliyekwenda kwa Majoka kutafuta msaada, akakataa kununuliwa, na akafungwa ili mumewe ashurutishwe kuchonga kinyago cha utawala. Kukataa kwa Sudi, ambako sisi hukusifu kwa wino mwekundu pembeni mwa insha, kunalipwa na Ashua. Tamthilia haifichi bei hiyo. Ukiificha wewe darasani, unawafundisha wanafunzi ushujaa wa bei nafuu, nao watauacha siku ya kwanza watakapoona bei halisi.

Hapa naomba nikuchukue nyuma kidogo, hadi Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), tamthilia ambayo kizazi kizima cha walimu wa leo kiliisoma kikiwa bado kwenye madawati. Huko Butangi Mtemi Bokono anatawala hata maji ya visima. Mwelusi anapinga. Na anayemwua Mwelusi kisimani si askari wa Bokono bali ni Gege, ndugu yake wa tumbo moja, aliyeahidiwa kumwoa Alida, binti wa Mtemi. Jazanda ya kisima ni nzito: mahali pa uhai pamegeuzwa mahali pa mauti, na jambo hilo limefanywa na mtu wa nyumbani. Kwa upande wa kuonyesha jinsi utawala unavyopata mikono yake miongoni mwa watawaliwa, sijui tamthilia ya Kiswahili ya shuleni iliyofanya hivyo kwa ukali zaidi.

Lakini nina shaka moja kuhusu muundo wake. Utawala wa Bokono unaporomoka baada ya damu ya Mwelusi kumwagika. Ni kana kwamba raia hawawezi kuamka mpaka wapewe maiti ya mtu mwema. Mwanafunzi anayesoma kazi tatu au nne za aina hii hujifunza kanuni ambayo haimo katika silabasi: kwamba ukombozi huja na mtu mmoja wa ajabu, na wajibu wetu sisi wengine ni kumngojea, kumlilia, kisha kuja uwanjani siku ya mwisho. Huyo ni mtawala mmoja aliyeondolewa na shujaa mmoja, na mwananchi amebaki mtazamaji katika hali zote mbili. Katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea Ken Walibora alilichezea jambo hili kwa namna ya kuchekesha na kuumiza: anayesimama hadharani siku ya sherehe na kusema ukweli kuhusu utawala ni Matuko Weye, askari mkongwe anayesemekana kuwa mwendawazimu. Wenye akili timamu wamenyamaza. Kiroja cha mambo ni kwamba katika Sokomoko akili timamu ndiyo hiyo.

Ndiyo maana mimi huithamini Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) kuliko wanavyoithamini baadhi ya walimu wenzangu, wanaoiona kavu. Ni kavu kwa sababu haina shujaa wa kung'ara. Meya Sosi analalamikia udogo wa mayai mezani pake huku hospitali ya Cheneo haina dawa. Na wanaomkabili ni wawakilishi wa wafanyakazi wanaodai mishahara, daktari mmoja, Siki, na diwani mmoja, Diwani wa III, asiyekubali kupiga muhuri kila kitu. Kila mmoja anasukuma pale alipo. Mgomo ni kazi ya watu wasio na majina makubwa. Yapo yanayoniudhi: mwisho Meya anatiwa mbaroni na polisi, nami hujiuliza polisi hao walikuwa wapi jana, na walitumwa na nani. Lakini njia iliyofika hapo ilipitia kwa watu wengi, na hilo ni funzo la kisanaa ambalo ni vigumu kulipata kwingine.

Kigogo nayo inatupa hatua moja zaidi kwa kumtumia Kingi, mkuu wa polisi. Anapoamriwa raia wapigwe risasi, anakaidi. Tendo hili hupita kwa haraka jukwaani na kwa haraka zaidi katika miongozo, ilhali ndilo bawaba ya mchezo mzima. Raia anayesita hayuko sokoni tu. Yumo ndani ya sare, yumo katika ofisi ya uhasibu, yumo kwenye dawati la anayeandika ripoti. Majoka hana mikono elfu. Anayo mikono ya watu wanaotii, na mkono mmoja ukilegea, mingine huanza kujitazama.

Historia yetu inathibitisha pande zote. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988 watu walipanga foleni mchana kweupe, na malalamiko yakawa mengi kwamba foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Walioona kwa macho walikwenda nyumbani. Lakini mapema 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walikaa katika bustani ya Uhuru kudai watoto wao, na polisi walipowavamia Machi 3 baadhi yao walivua nguo, laana ambayo kila mwana aliyezaliwa na mwanamke anaielewa. Walihamia kanisani na kuendelea, na kufikia mapema 1993 wafungwa karibu wote waliokuwa wakidaiwa walikuwa wameachiliwa. Hawakuwa wanasiasa. Walikuwa kina Boza na kina Kombe waliofika mahali ambapo kunyamaza kulikuwa kumekuwa kugumu kuliko kusema.

Waliofanya mtihani wa Kigogo kati ya 2018 na 2022 ndio waliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa hadi ishirini na kitu Juni 2024, vijana walipojitokeza barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, baadhi yao wakauawa, na mswada ukaondolewa siku moja baada ya maandamano ya Juni 25. Siwezi kudai kwamba tamthilia ndiyo iliyowatoa nyumbani. Bei ya unga ina ufasaha wake. Lakini haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, iliyomo katika kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010, walikuwa wameikuta kwanza ikiwa na sura na sauti katika mdomo wa Tunu. Mwalimu anayefundisha kitabu hiki kana kwamba kinahusu nchi ya mbali anajidanganya, na wanafunzi wake hawadanganyiki.

Kwa upande mwingine, sanaa ihukumiwe kama sanaa. Udhaifu mkubwa wa Kigogo, kwa maoni yangu, uko pale pale penye nguvu yake. Mwandishi ametuonyesha kwa ustadi kwa nini watu hawaji. Kisha, katika onyesho la mwisho, wanakuja. Sherehe ya Majoka inasusiwa, sokoni kunafurika, Mamapima anaomba msamaha. Ni nini kilichotokea kati ya Mangweni na sokoni? Ni usiku gani mtu kama Kombe alilala akiwa hana msimamo na kuamka akiwa nao? Hatuonyeshwi. Badiliko gumu kuliko yote katika maisha ya raia, lile la kuacha kungoja, limefanyika nyuma ya pazia. Jukwaa huhitaji mwisho, ndiyo. Lakini mtazamaji aliyekuja akiwa Kombe anaondoka bila kuonyeshwa njia ya Kombe.

Kwako wewe mtahiniwa, hili lina faida ya moja kwa moja katika karatasi ya tatu. Ukikutana na swali kama "Raia wa Sagamoyo ndio wa kulaumiwa kwa masaibu yao. Jadili", usikubali yote wala usikatae yote. Neno "jadili" linakudai pande mbili. Andika kuhusu keki, na kuhusu aliyeila. Andika kuhusu kibali cha Mamapima kabla ya kumwita mkewe Boza. Mtaje Ngurumo, lakini mtaje na Jabali aliyeuawa, ili msomaji aone kwamba woga wa watu una msingi. Mweke Ashua mahali ambapo hoja yako ni ngumu zaidi, si mahali pa kujazia nafasi. Mpe Kingi aya yake mwenyewe. Na ukimaliza aya hiyo huku muda ungalipo, jaribu kueleza, kwa ushahidi wa mazungumzo na vitendo vilivyomo kitabuni, ni wapi hasa unaona Kombe akianza kugeuka. Huenda msahihishaji wako naye amekuwa akipatafuta.